Mara Mia Mbili Zaidi ya Blututhi

Marko wa Puge ana ugonjwa mmoja tu: hajui kushinda kimya kimya. Mwaka juzi aliingia uwanjani na chatu shingoni. Wanawake wakakimbia, wakarudi kuchungulia, wakakimbia tena, na ushindi ukawa wake. Mwaka jana akaja na baiskeli inayowaka moto magurudumu yote mawili, naye yuko juu yake anaimba, hata kukohoa hakohoi. Sasa mwaka huu, wiki chache kabla ya Saba Saba, alipita sokoni na kipaza sauti, akaenda kusimama mbele ya kibanda cha Elieth. Makusudi kabisa, maana soko la Puge lina nafasi nyingine tele za kusimama.

"Mwaka huu hamrudi nyumbani mikono mitupu!" alitangaza. "Video ya wimbo wangu nawarushia wote, bure, kila mwenye simu! Natumia programu ya Upepo! Upepo ni mara mia mbili zaidi ya blututhi! Hujapepesa jicho, wimbo umeshaingia!"

Elieth alikuwa anachomeka simu za watu kwenye chaji. Ndiyo kazi yake. Kibandani kwake juu kuna sola mbili, na ndani simu za nusu ya Puge zinaning'inia ukutani kwa nyaya zake. Alimtazama Marko, akatabasamu kwa adabu. Moyoni alisema mengine, ambayo mimi siyaandiki, watoto nao wanasoma.

Kwa asiyezijua ngoma za kwetu, nimweleze ili twende pamoja. Kwetu hakuna majaji wa kuinua vibao vya namba. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule, kila moja linapiga na kuimba kwa nguvu zake zote. Watu wanakwenda wanakovutwa. Jua likishateremka, mzee mmoja anapuliza filimbi, na hapo kila mtu anaganda alipo. Mzee anaangalia tu: watu wamejaa wapi? Walikojaa, huko ndiko kwenye ushindi. Sasa umeelewa yule chatu alikuja kutafuta nini.

Na mpinzani wa Marko kwa miaka yote hiyo alikuwa Kashindye, baba yake Elieth. Huyo hakuwahi kuleta nyoka wala moto. Yeye alileta koo lake, na lilimtosha. Lakini mkewe alipofariki, misimu miwili ya mvua iliyopita, koo lile likanyamaza. Si kwamba aliugua. Alikuwa analima, anaitikia shikamoo, anafunga zizi lake. Ila akimaliza alikaa kwenye kigoda akitazama ukuta, na chakula Elieth alichompelekea kilirudi na kijiko kikiwa kisafi. Mwaka juzi na mwaka jana aliingia uwanjani kutimiza wajibu tu, akashindwa, akarudi kwenye kigoda chake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu mwaka huu, jamani, Kashindye akatunga wimbo. Elieth alimsikia asubuhi moja anaunguruma zizini, akasimama na ndoo yake ya maji kichwani mpaka shingo ikamuuma, asije akamkatiza. Ulikuwa wimbo wa mpagazi wa zamani, babu wa babu yao, anarudi kutoka pwani na mzigo begani, na mkewe huku nyumbani anamwuliza, "Umefika wapi?" Mpagazi anajibu: nimefika Mpwapwa, naja, mama, naja. Nimefika Kilimatinde, naja, mama, naja. Nimefika Tura, naja. Anayeijua ile nyumba alijua vizuri ni nani aliyekuwa anaulizwa na ni nani aliyekuwa anauliza. Marehemu mama yake Elieth, Kashindye akienda kucheza Igunga au Ulyankulu, alikuwa anampigia simu kila saa. "Umefika wapi?" Na mzee, bado amekaa kwenye pombe na wenzake, anajibu bila aibu, "Naja, mama, naja."

Elieth akafurahi, lakini furaha haikumaliza hata siku moja.

"Nimetunga huu," baba yake alimwambia, "na nauingiza uwanjani Saba Saba. Nikishindwa na huu, mayu, ngoma naitundika. Mtu asije kuniomba tena."

Alimwita mayu, yaani mama, kama alivyomwita tangu utotoni, kwa sababu Elieth ana jina la mama mzazi wa Kashindye. Habari ya kuitundika ngoma aliisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha Elieth. Mtu anayetundika ngoma kwa hasira kesho anaishusha. Huyu alikuwa ameshachagua na msumari wa kuitundikia. Elieth alikijua kigoda kile na ukuta ule, na alijua baba yake akivirudia safari hii hatainuka.

Basi ndiyo maana tangazo la Marko lilimchoma. Mara mia mbili! Kesho yake alifunga kibanda, akapanda basi kwenda Tabora mjini kwa Saidi.

Saidi ni fundi simu, mtoto wa mjini hasa, babu zake walikuwa mafundi mbao wa milango ya nakshi na yeye kaangukia kwenye vioo vilivyopasuka. Kibanda chake kiko karibu na soko, mkabala na muuza kahawa. Ndiye aliyemrekodi Kashindye video ya wimbo mpya, akakataa kuondoka Puge mpaka aimbiwe mara ya pili. Elieth alimweleza habari yote. Saidi akaitafuta Upepo kwenye simu yake, akasoma maneno ya tangazo lake, akaguna.

"Dada Elieth, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawa wanajitembeza mpaka viatu vinaisha soli. Mara mia mbili? Blututhi ipi? Ya mwaka gani? Simu ipi?"

"Ndiyo nimekuja unipimie, kaka Saidi. Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama muuzaji ni Marko."

Wakapima. Na walipima kweli, si kupima kwa kubabaisha. Video ileile ya Kashindye, simu zilezile mbili, kwanza kwa blututhi, kisha kwa Upepo, kisha kwa nyingine iitwayo Radi ambayo nayo ilijisifu kwamba Upepo ni mtoto wake. Elieth alipoanza kuangalia namba za kasi zilizokuwa zinarukaruka kwenye kioo, Saidi akazifunika kwa kiganja.

"Hizo usizitazame. Programu yenyewe ndiyo inakwambia ina kasi gani, ni kama kumwuliza muuza nyanya kama nyanya zake ni nzuri. Tazama saa ya ukutani, ile haina shamba."

Ndani ya kibanda, simu zikiwa zimelala bega kwa bega, Upepo ilipita kama jina lake. Blututhi ilijikokota. Elieth alikunywa kahawa, akala kashata, akasuka upya nywele mbili tatu zilizofumuka, bado inajikokota. Kisha wakazihamisha simu: moja kwa Saidi, nyingine kwa muuza kahawa ng'ambo ya barabara. Upepo ikapungua. Wakaingia katikati ya soko, kwenye msongamano wa watu na simu zao mifukoni, ikapungua tena, bajaji ikipita katikati inashtuka kidogo. Wakajaribu simu za bei rahisi, zile ambazo kweli ziko mifukoni mwa watu wa Puge, ikazidi kupungua. Saidi akaandika hesabu kwa kidole kwenye vumbi la kaunta yake.

"Mia mbili haipo," alisema. "Hiyo waliipata kwenye chumba kitupu, na simu ambazo Puge nzima hamna hata moja, tena wameifananisha na blututhi ya enzi za babu. Ukweli wake ni mara thelathini hivi mkiwa wawili mmejifungia. Sokoni ni kumi, ikijitahidi."

Elieth akacheka kwa nguvu. "Basi Marko muongo!"

"Muongo," alisema Saidi, naye hakucheka. "Lakini dada, hata uongo wao ukiupunguza mara ishirini, bado umetuacha mbali. Mara kumi ni mara kumi."

Kicheko kikamkauka Elieth mdomoni. Wakaipima na Radi. Radi ilikuwa na mambo yake. Ilikimbia vizuri, ikafika tisini na tisa kwa mia, ikafia hapo. Wakarudia, ikafia palepale. Kwenye simu ya gharama ilifika, kwenye simu za rahisi ilikupeleka mpaka mlangoni halafu ikakufungia nje. Na vile vitochi vya wazee, simu ndogo zenye tochi na vibonyezo, havikuingiza Upepo wala Radi. Viliipokea blututhi tu, tena sauti peke yake, bila picha.

Jioni Elieth alirudi Puge na jibu ambalo hakulitaka. Lakini alikwenda kutafuta ukweli, na ukweli ukiupata huuachi stendi. Alimkuta baba yake anapaka mafuta ngozi ya ngoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Umefika?"

"Nimefika. Baba, Marko anadanganya kuhusu mia mbili, lakini ni kweli ile yake inakimbia kuliko zote. Ninachoona mimi, na sisi tutumie Upepo hiyohiyo. Saidi ameshanionyesha."

Kashindye aliweka ngoma chini taratibu.

"Tutumie dawa ya Marko?"

Hapa tena inabidi nimsimamishe mgeni kidogo. Kwetu kila kundi la ngoma lina dawa yake ya kuvutia watu, na ni mwiko, ni mwiko kabisa, kugusa dawa ya upande wa pili. Afadhali ushindwe.

"Baba, si dawa hii! Ni programu. Ya simu."

"Ina jina lake?"

"Ina jina. Upepo."

"Unaweza kuona inavyofanya kazi?"

"Huwezi kuona, inapita hewani."

"Na inaahidi nini? Mara mia mbili? Na ukiipima unapata kumi?" Kashindye alitikisa kichwa. "Mayu, mimi nimecheza ngoma tangu sijaota ndevu. Kitu chenye jina, kisichoonekana, kinachoahidi mia mbili na kuleta kumi, kwetu kinaitwa dawa. Na hii ni ya Marko. Siigusi."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Elieth alibaki na Radi na blututhi. Usiku wote uliofuata alikuwa anazipima kichwani, na asubuhi akaamua. Radi ingewafikisha watu tisini na tisa kwa mia na kuwaachia matusi mdomoni. Blututhi ni kobe, lakini inaingia simu ya kila mtu, mpaka kitochi cha bibi kizee, na tangu izaliwe haijamwahidi mtu kitu. Mbele ya baba yake alitaka kusimama na kitu kisichodanganya, hata kama wangeshindwa nacho. Na kwamba wangeshindwa, hilo alikuwa na uhakika nalo kama ana uhakika na jina lake.

Saba Saba ikafika na vumbi lake. Watu walitoka Nzega, Igunga, mpaka Ulyankulu, na wauza maandazi wakafika kabla ya wachezaji. Saidi naye alikuja kutoka mjini na kofia yake ya kufuma, akisema amekuja kusaidia, ingawa wote walijua amekuja kusikia wimbo. Mzee Anselm, mwenye filimbi, katekista mstaafu asiyependelea mtu hata kanisani, alikaa kwenye kiti chake katikati ya uwanja.

Upande wa Marko palikuwa na bango la kitambaa: UPEPO, MARA MIA MBILI. Vijana wake kumi, fulana za njano, simu mikononi. Upande wa Kashindye palikuwa na meza moja ya Elieth, simu alizoazima kwa wapwa na mabinamu, na Saidi. Bango hawakuwa nalo.

Ngoma zikaanza. Na kabla hata vumbi halijapanda, uwanja mzima ukaegemea kwa Marko. Si utani! Watu walikimbia. Walinyoosha simu juu, vijana wa njano wakabofya, na papo hapo unasikia, "Imeingia! Imeingia!" Marko alikuwa anaruka juu kama amekanyaga kaa la moto. Upande wa Kashindye walibaki wazee wenye vitochi, akina mama wachache wenye watoto mgongoni, na mbwa mmoja.

Elieth alimtazama baba yake. Kashindye alikuwa amesimama na njuga zake miguuni, hajaimba bado neno moja, anatazama ule umati wa upande wa pili. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba ya njuga ya mguu wa kushoto. Elieth alikuwa anauona ukuta ule wa nyumbani na kile kigoda.

Aliyemwokoa ni bibi Mwanne. Huyu ni mkongwe wa pale pale Puge, mdomo wake hauna breki, na kwa Kashindye ni shemeji, kwa hiyo anamwambia atakalo. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya Elieth. Amekishika kitochi chake mbele kwa mikono miwili kama anapokea komunyo, na kwenye kioo kimstari kinasogea, kinapumzika, kinasogea.

"Mbona haifiki?" aliuliza.

"Inakuja, bibi. Usisogee mbali tu, ukienda mbali inakatika."

"Kwa hiyo nimefungwa hapa kama mbuzi?" Bibi Mwanne akamgeukia Kashindye. "Wewe shemeji! Tumefungwa hapa tunausubiri wimbo wako, na mwenye wimbo umesimama hapo unafungua viatu! Hebu tuimbie wakati tunasubiri. Au na mdomo wako nao unatafuta mtandao?"

Wazee wakapasuka kwa kicheko. Kashindye akainua kichwa. Kitu kikamtetemeka kwenye shavu, na Elieth hakujua kama ni kicheko au ni nini. Akaifunga tena ile kamba, akaikaza, akapiga ngoma mara moja.

"Umefika wapi?" aliimba. Na sauti ilikuwepo. Jamani, ilikuwepo yote!

Hakuna aliyejua kiitikio, ndiyo kwanza wanausikia. Lakini bibi Mwanne, macho yako kwenye kitochi chake na kile kimstari chake kivivu, akadakia kwa hasira za utani, "Naja, mama, naja!" Kashindye akaenda Mpwapwa, naye bibi akamjibu. Kashindye akafika Kilimatinde, wazee wote wakamjibu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaitazama simu yake, akaiuliza yeye mwenyewe, "Umefika wapi?" Foleni nzima ikamjibu. Basi ikawa ndiyo mchezo. Kila mwenye simu anaiuliza simu yake imefika wapi, na wenzake wanaijibia. Saidi aliacha meza, kofia nyuma, akawa anapita kwenye foleni anatangaza kama kondakta: "Huyu yuko Tura! Huyu bado Mpwapwa, mpeni maji! Huyu ndiyo kwanza anatoka pwani!"

Kondoo hufuata kelele za kondoo wenzake. Vijana wawili waliokuwa wanapita na soda wakasimama kuuliza kuna nini, wakaambiwa toeni simu. Wakatoa. Na wakishatoa, hawana pa kwenda, maana ukiondoka inakatika. Wakasimama. Waliosimama wakaimba. Walioimba wakavuta wengine. Foleni ikapinda kwa kukosa nafasi, ikamzunguka Kashindye, ikawa duara, duara likazaa duara la pili. Njuga zinalia, mzee anapanda na kushuka na mpagazi wake, na kila akifika kituo kipya watu wanapiga kelele kama ni wao waliobeba ule mzigo.

Katikati ya hayo Elieth alipata nafasi ya kutazama upande wa pili, akashangaa nusura aangushe simu ya mtu. Upande wa Marko palikuwa panapwaya. Alielewa pale pale, akaanza kucheka peke yake. Upepo ilikuwa imefanya kazi yake, tena vizuri mno! Kila mtu alipokea wimbo mara moja, na akishaupokea anafanya nini pale? Anao mfukoni. Wengine walienda kuusikilizia kivulini, wengine kwenye pombe, wengine kwa muuza maandazi. Walioupata walikuwa wanawarushia hata wanaoingia, huko huko stendi, kwa hiyo wanaoingia hawakuwa na haja ya kumtafuta Marko. Wimbo wake ulikuwa umeenea Puge nzima, unalia kila kona, isipokuwa mbele yake mwenyewe palipobaki vijana kumi wa njano na simu zisizo na wa kumrushia.

Marko si mjinga. Naye aliliona. Aliacha kuruka, akawafokea vijana, "Punguzeni kasi! Punguzeni!" Loo, kasi ya mara mia mbili utaipunguzia wapi? Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mzee Anselm akapuliza filimbi.

Watu wakaganda walipo. Mzee aliinuka na fimbo yake, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuwa na haja ya kuhesabu, lakini ni mtu wa haki, akaenda mpaka kwa Marko akatazama kwa karibu. Kisha akarudi, akashindwa kupenya duara la Kashindye, akanyoosha tu fimbo juu kuelekea kule. Sikwambii vigelegele vilivyopigwa. Bibi Mwanne alikuwa anaruka na kitochi chake juu, na katikati ya kuruka kitochi kikalia tii! Wimbo umefika. "Sasa wa nini tena?" alifoka. "Nimeshaujua wote!"

Marko alikuja mwenyewe, jasho linamtiririka, fulana imemganda mwilini. Alimpa Kashindye mkono, na mkono wa pili alikuwa ametoa simu.

"Mzee, umenipiga. Nirushie na mimi."

"Kwa ile yako?" Kashindye aliuliza.

"Aka! Kwa ile yenu," alisema Marko. "Nataka nisimame hapa kidogo, nione mlichonifanyia."

Akasimama. Na wakamwimbisha kiitikio mpaka akakijua.

Jua lilikuwa bado halijazama vizuri Elieth alipofungua kibanda kurudisha simu alizoazima. Alikuwa anapanga nyaya aliposikia njuga. Baba yake alikuwa hajazivua. Alisimama mlangoni, ngoma kwapani, mavumbi mpaka kwenye nyusi.

Kwenye ule ukuta wa simu, mwisho kabisa, kuna moja isiyo na mteja. Ni kitochi cha zamani kimefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Ni ya marehemu mama. Elieth alikuwa anaichaji kila Jumamosi tangu msiba, hajui anamchajia nani, ila alishindwa kuiacha izime. Kashindye alikuwa ameingia kibandani humo mara nyingi kwa misimu miwili ile, na hajawahi hata siku moja kuinua macho kule mwisho. Leo alikwenda moja kwa moja.

"Hii ya mama yako ina chaji?"

"Inayo, baba. Haijawahi kukosa."

Aliitoa ukutani, akaipangusa kwa kanga iliyokuwa kiunoni mwake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaiweka juu ya goti. Akatoa na simu yake mwenyewe, akaiweka kando yake, zikagusana.

"Niwekee ule wimbo humu."

Elieth alikuwa amechoka, mikono ikaenda kwa mazoea. Akachukua kisu kidogo cha kufungulia simu. "Nipe nitoe memori kadi, baba, niuweke moja kwa moja. Sekunde moja tu umeingia."

Kashindye akaifunika ile simu kwa kiganja.

"Acha uende hivyohivyo polepole," alisema. "Mama yako amezoea kunisubiri."

Elieth akaweka kisu chini. Alibonyeza blututhi kwenye simu zote mbili, akatuma, akageukia ukuta kidogo kufuta macho kwa upande wa mkono. Kile kimstari kikaanza safari yake. Baba yake alikitazama, kidole kinapiga taratibu kwenye ngoma, na mdomo unaitaja njia yote kwa chini chini, Mpwapwa, Kilimatinde, Tura, naja, mama, naja. Nje watu walikuwa bado wanapita wakiimba.

Kitochi kikalia tii!

"Umefika," alisema Elieth.

"Nimefika," alisema Kashindye. Akairudisha simu ukutani, mahali pake, akachomeka waya mwenyewe. Akajipiga mavumbi magotini.

"Haya, mayu. Ugali upo? Na usinipimie wa mgonjwa, nina njaa mimi."